Daftari la Mwenye Bunduki: Mambo Yapasayo Kuandikwa na Jinsi ya Kuyatunza

Msafiri apitaye kwa gari la moshi au kwa njia kuu kutoka Mombasa kwenda Voi huvuka nyika kavu ya Taru, kisha hufika Mackinnon Road, mji mdogo wa Kaunti ya Kwale. Wengi hupajua mahali hapo kwa sababu ya msikiti na kaburi la Seyyid Baghali kando ya reli. Jina lenyewe latokana na Sir William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kutawala biashara ya nchi hizi mwaka 1888, ambaye njia yake ya kwenda bara ilipita huko.

Si wengi wakumbukao kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili jeshi la Waingereza lilianza kujenga Mackinnon Road ghala kubwa mno la vyombo vya vita. Kazi ilianza mwaka 1947, wakati Uhindi ulipopata uhuru wake na jeshi lilipokuwa likitafuta mahali pengine pa kuweka mali yake. Haikupita miaka mingi shauri lile likaachwa. Kisha katika Hali ya Hatari, iliyoanza Oktoba 1952 na kwisha mwaka 1960, mahali pale pakawa kambi ya kuwafungia watu bila ya kushtakiwa mahakamani. Katika miaka hiyo mtu aliyekutwa na bunduki bila ya idhini aliweza kuhukumiwa kunyongwa. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957, na shtaka alilohukumiwa kwalo lilikuwa la kukutwa na bastola na risasi.

Ghala la jeshi lina fundisho moja linalomfaa raia. Mwenye kutunza ghala hategemei kumbukumbu ya kichwa chake. Kila kiingiacho huandikwa, kila kitokacho huandikwa, na kila baada ya muda vitu huhesabiwa na kulinganishwa na kitabu. Mtu mwenye bunduki moja tu nyumbani kwake ana ghala dogo, na sheria ya ghala kubwa ndiyo sheria yake. Somo hili laeleza daftari hilo ni nini, huandikwa nini ndani yake, na lina faida gani siku ya msiba.

ASILI YA KUANDIKA SILAHA

Bunduki si kitu kigeni katika pwani ya kusini. Wazee walizijua kwa majina yake: gumegume, ambayo huwaka kwa jiwe, gobori, ambayo hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, na nyinginezo. Gazi, karibu na Msambweni, ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa kabila la Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka kwenda sehemu ya Wajerumani.

Tangu kabla ya vita hivyo mataifa yalikwisha kupatana juu ya jambo hili. Katika mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 yalikubaliana kuzuia silaha mpya zisiingie ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Silaha ziliamriwa ziwekwe katika maghala ya serikali. Mtu binafsi aliyeruhusiwa kuwa na bunduki alipasiwa kuwa na hati yenye jina lake, na bunduki yenyewe itiwe alama ilingane na hati. Ni kweli kwamba mapatano yale yaliwafaa watawala kuliko watawaliwa. Lakini jambo moja lililomo ndani yake limebaki hata leo, nalo ni kwamba bunduki, alama yake na jina la mwenyewe vifungamane katika maandishi.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ilianza kutumika mwaka 1954, nayo imerekebishwa mara nyingi baada ya uhuru. Kwa sheria hiyo hapana raia awezaye kuwa na bunduki wala risasi bila ya cheti. Cheti hutolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, nacho hutaja aina ya silaha na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe aruhusiwa kununua na kuweka. Desemba 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye vyeti wafike kukaguliwa upya, nao wakapewa siku 90. Aliyekuwa na maandishi yake tayari alikwenda na daftari mkononi. Asiyekuwa nayo alianza kupekua masanduku.

Nchi za Afrika ya Mashariki nazo zimepatana. Mkataba wa Nairobi uliotiwa sahihi tarehe 21 Aprili 2004 wazitaka Serikali zitie alama katika silaha na kuweka kumbukumbu zake, ili bunduki ikiokotwa katika nchi moja ijulikane ilikotoka hata kama ni nchi nyingine.

KWA NINI DAFTARI LA NYUMBANI?

Huenda mtu akauliza, ikiwa Serikali ina kumbukumbu zake, ya nini mwenye bunduki aandike tena? Sababu ziko nne.

Kwanza, kumbukumbu ya Serikali husema bunduki ni ya nani, bali haisemi jana usiku ilikuwa wapi, wala risasi zilizobaki sandukuni ni ngapi. Mambo hayo ni mwenyewe tu awezaye kuyajua.

Pili, bunduki ikiibwa, polisi hawawezi kuitafuta kwa maelezo ya kusema ni nyeusi na kitako chake ni cha mti. Bunduki elfu moja zina sura hiyo. Mwizi aweza kukata kitako na kukipaka rangi. Kitambulisho cha kweli ni namba iliyochapwa katika chuma.

Tatu, mwenye bunduki hufa kama watu wote, na warithi wake huachiwa kitu wasichokijua.

Nne, bunduki iliyopotea haikai bure. Watu wa pwani ya kusini hawana haja ya kufundishwa hayo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua polisi na kuchukua bunduki zaidi ya 40. Katika fujo zilizofuata watu wengi walipoteza roho zao, na maelfu wakakimbia makwao. Ikiwa silaha zaweza kuchukuliwa hata katika kituo cha polisi, je, ile iliyo chini ya kitanda? Na kila moja ya silaha za namna hiyo inapopatikana, swali la kwanza ni namba yake.

MAMBO YA KUANDIKWA

Daftari la kawaida la shule latosha, lenye jalada gumu. Kila bunduki ipewe ukurasa wake. Kabla ya kuishika bunduki ili kusoma alama zake, hapana budi mwenyewe aielekeze mahali pasipo na mtu, aifungue, atoe risasi zote, na atazame kwa macho yake kwamba chemba ni tupu. Kazi hii isifanywe mbele ya watoto. Kisha aandike haya:

1. Aina ya silaha. Je, ni bastola, bunduki ya risasi moja moja, au bunduki ya marisau? Ina mtutu mmoja au miwili?

2. Jina la kiwanda na nchi ilikotengenezwa, kama yalivyochapwa katika chuma. Jambo hili ni la lazima, kwani viwanda viwili vyaweza kutumia namba moja. Namba bila ya jina la kiwanda ni nusu ya habari.

3. Kipimo cha mtutu. Bunduki za risasi hupimwa kwa upana wa tundu. Ile iitwayo 303 ina upana wa sehemu 303 katika sehemu elfu za inchi, yaani kama milimita 7.7. Bunduki za marisau hupimwa kwa desturi ya zamani: ratili moja ya risasi hugawanywa kuwa vidonge vilivyo sawa, na idadi ya vidonge vinavyoenea mtutu ndiyo jina la kipimo. Kwa hiyo bunduki ya 12 ni ile ambayo vidonge 12 vyake vina uzito wa ratili moja. Ndiyo maana bunduki ya 20 ina mtutu mwembamba kuliko ya 12, ingawa namba yake ni kubwa. Wengi hukosea hapo.

4. Namba ya silaha. Namba hii ndiyo roho ya daftari. Iandikwe pamoja na herufi zake zote, za mbele na za nyuma. Yafaa kuangalia sana tofauti ya sifuri na herufi O, na ya moja na herufi I. Katika bunduki nyingine namba huchapwa mahali zaidi ya pamoja, kama vile kwenye mwili wa bunduki na kwenye komeo lake. Zote ziandikwe, na ikiwa hazilingani, jambo hilo pia liandikwe.

5. Namba ya cheti, tarehe kilipotolewa, na tarehe kinapokwisha. Tarehe ya kwisha iandikwe kwa wino mwekundu, na mwenyewe ajiwekee tarehe nyingine ya mwezi mmoja kabla yake, ili asije akakutwa na cheti kilichokufa.

6. Bunduki ilipatikana lini, kwa nani, na kwa idhini gani. Risiti ya duka ibandikwe katika ukurasa huohuo.

7. Alama nyingine, kama mkwaruzo katika kitako, ufa uliozibwa, au mkanda uliobadilishwa.

8. Matengenezo. Kila mara bunduki iendapo kwa fundi mwenye leseni, iandikwe tarehe ya kwenda, kazi iliyofanywa, na tarehe ya kurudi.

Mbali na maandishi, mwenyewe aweza kuchukua karatasi nyembamba, aiweke juu ya namba iliyochapwa, na kuisugua kwa penseli polepole. Namba hutokea katika karatasi kama ilivyo katika chuma, wala hapana nafasi ya kukosea kuinakili. Karatasi hiyo ibandikwe daftarini. Picha nayo yafaa, moja ya bunduki nzima na moja ya namba. Lakini picha hizo si za kutumiwa watu kwa simu, kwani amtangaziaye jirani kwamba ana bunduki humtangazia mwizi pia.

HEWA YA BAHARI NA NAMBA ILIYOFIFIA

Chuma cha Mackinnon Road na chuma cha Diani havina maisha sawa. Nyikani adui ni vumbi; ufuoni adui ni chumvi iliyo katika hewa. Bunduki iliyokaa miaka mingi nyumba ya karibu na bahari bila ya kupanguswa kwa mafuta huota kutu, na mara nyingi kutu huanza palipochongwa, yaani juu ya namba.

Namba ikianza kufifia isisuguliwe kwa msasa wala kukwaruzwa kwa kisu. Na isijaribiwe kuchapwa upya kwa nyundo na msumari, hata kama nia ni njema, kwa kuwa kubadili namba ya silaha ni kosa kubwa, na mbele ya sheria mkono wa mwenyewe na mkono wa mwizi hufanana. Kupaka chokaa nyeupe kidogo juu ya namba na kuipangusa kwa kitambaa husaidia kuisoma. Ikiwa bado haisomeki, mwenyewe aende polisi na cheti chake, aeleze, na aongozwe.

HESABU YA RISASI

Watu wengi hutunza habari za bunduki na kuzisahau risasi. Nao ukurasa wa risasi ndio unaosema haraka zaidi kama kuna jambo baya nyumbani. Ukurasa huo una safu nne: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, na zilizobaki.

Mfano wake ni huu. Mtu mwenye bunduki ya marisau alianza mwaka, tarehe 1 Januari, akiwa na risasi 20. Tarehe 14 Februari alinunua 25, zikawa 45. Tarehe 3 Machi alitumia 6 katika uwanja wa shabaha, zikabaki 39. Tarehe 30 Juni alifungua sanduku akahesabu, akakuta 37.

Risasi 2 hazipo. Asiyekuwa na daftari hangejua kamwe. Angeona sanduku bado lina risasi nyingi, akalifunga. Mwenye daftari ajua siku ileile kwamba kati ya Machi na Juni mkono mwingine uliingia sandukuni. Labda ni kijana wa nyumbani aliyezichukua kuonyesha wenzake. Labda ni mtu mbaya zaidi. Kwa vyovyote ufunguo haukutunzwa vema, na bunduki yenyewe yaweza kufuata. Hapo hapana la kungoja. Mwenyewe abadili kufuli, aulize watu wa nyumba yake, na apeleke habari kituo cha polisi.

Safu ya zilizobaki ina faida nyingine. Ikiwa cheti charuhusu kuweka risasi 50 kwa wakati mmoja, naye anazo 39, basi hawezi kununua zaidi ya 11. Asiyejua hesabu yake huvunja sheria dukani huku akidhani afanya biashara ya halali.

MAHALI PA KUWEKA DAFTARI

Daftari lisikae pamoja na bunduki. Mwizi avunjaye sanduku na kukuta yote mawili huchukua yote mawili, na mwenyewe hubaki mikono mitupu. Bunduki ifungiwe katika sanduku la chuma lililoshikizwa ukutani au sakafuni, risasi zifungiwe mbali nayo, na daftari liwekwe mahali pa tatu. Nakala ya ukurasa wa namba iwekwe kwa mtu wa kuaminiwa, kama vile wakili, au nyumba nyingine pamoja na hati za shamba.

Mara mbili kila mwaka mwenyewe achukue daftari, afungue sanduku, asome namba katika chuma na kuilinganisha na maandishi, kisha atie tarehe na sahihi. Kazi hiyo haichukui nusu saa.

Askari wa akiba wa polisi, ambao katika sehemu za nyika hupewa bunduki za Serikali ili kulinda vijiji na mifugo, nao yawafaa kufanya hivyo. Bunduki si mali yao, lakini dhamana ni yao. Askari wa akiba aandike namba ya bunduki aliyokabidhiwa, idadi ya risasi, tarehe, na cheo cha afisa aliyemkabidhi. Na siku ya kurudisha apate sahihi ya aliyepokea. Bila ya sahihi hiyo aweza kuulizwa miaka mitano baadaye juu ya kitu alichokwisha kukirudisha.

SIKU YA KUPOTEA

Sheria yamtaka mwenye silaha aitunze kwa usalama, na ikipotea au kuibwa atoe habari polisi bila ya kukawia. Watu wengine huogopa, wakakaa siku tatu wakitafuta kimyakimya. Siku hizo tatu ni zawadi kwa mwizi. Bunduki iliyoibwa Kinango asubuhi yaweza kuwa Mombasa kabla ya adhuhuri.

Afikapo kituoni, swali la afisa ni fupi: "Mzee, namba ya bunduki yako ni ngapi?" Mwenye daftari hufungua ukurasa na kusoma. Habari yake huandikwa katika kitabu cha matukio, naye huomba namba ya taarifa hiyo na kuiandika katika daftari lake pamoja na tarehe na saa. Tokea hapo, uhalifu wowote utakaotendwa kwa bunduki ile, yeye ana ushahidi kwamba ilikuwa imekwisha kumtoka na kwamba hakuficha.

SIKU YA MIRATHI

Jambo hili ndilo lililo gumu kuliko yote, nalo husahauliwa kuliko yote. Mzee hufariki dunia, na baada ya matanga warithi hukaa kugawanya mali. Minazi hugawanyika, ng'ombe hugawanyika, nyumba huthaminiwa. Bunduki haigawanyiki, wala haihamii kwa mwana kwa sababu tu ya kuwa ni mwana. Cheti kilikuwa cha marehemu peke yake. Mwana aichukuaye na kuiweka chumbani mwake, hata kwa nia ya kuhifadhi ukumbusho wa baba, huwa ana silaha bila ya idhini, na kosa hilo lina adhabu ya kifungo.

Mara nyingine mjane hajui hata kama bunduki ipo. Huja kuikuta mwaka wa pili, darini, imefungwa katika gunia, risasi ingali ndani ya chemba, na mjukuu ndiye aliyeiona kwanza.

Dawa ya hayo ni ukurasa wa mwisho wa daftari. Katika ukurasa huo mwenyewe aandike kwa lugha nyepesi: silaha alizo nazo, mahali zilipofungiwa, ufunguo uko kwa nani, na kwamba baada ya kufa kwake mtu yeyote asiziguse, bali polisi waitwe waje kuzichukua. Mmoja katika watu wazima wa nyumba aambiwe kwamba ukurasa huo upo. Mrithi atakaye kuimiliki bunduki kwa halali aweza kuomba cheti chake mwenyewe. Wakati huo silaha ikae mikononi mwa wenye mamlaka. Na akutaye gobori la babu, hata kama limeota kutu, asijifanye hakimu wa kuamua kama ni silaha au ni pambo. Alipeleke shauri polisi.

CHETI SI RUHUSA YA KUWINDA

Kwa kuwa Mackinnon Road ni jirani wa mbuga ya Tsavo ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, yafaa jambo moja likumbushwe. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima mwezi wa Mei 1977. Cheti cha silaha hakimpi mtu idhini ya kupiga mnyama. Ndovu wakivamia shamba, habari ipelekwe kwa Shirika la Wanyama Pori. Na mwenye bunduki ambaye ukurasa wake wa risasi umeandikwa vema ataweza kujieleza, ikiwa mzoga utaonekana karibu na kwake na watu wakaanza kunong'ona.

Kwa ufupi, bunduki ni mali ambayo ikimtoka mwenyewe yaweza kuwaua watu asiowajua kabisa. Daftari haliwezi kuizuia mikono ya mwizi, lakini lamwezesha mwenyewe kujua mapema, kusema kweli kamili, na kuwaachia watoto wake urithi usiowapeleka mahakamani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini namba ya bunduki bila ya jina la kiwanda haitoshi?

2. Kati ya bunduki ya marisau ya 12 na ya 20, ni ipi yenye mtutu mpana zaidi? Eleza sababu.

3. Mtu alikuwa na risasi 40, akanunua 10, akatumia 12. Alipohesabu alikuta 36. Je, zimepungua ngapi, na yampasa kufanya nini?

4. Taja sehemu tatu zinazopasa kutengwa: ya bunduki, ya risasi, na ya daftari. Kwa nini zisiwe pamoja?

5. Baba amefariki na kuacha bunduki yenye cheti. Mwana mkubwa afanye nini siku hiyo, na asifanye nini?